Nywele za Mgonjwa wa Dirishani

Mwezi uliopita nilikuwa soko la Muthurwa nikichagua viatu vya mitumba niliposikia sauti ya mwanamke akibishana na muuza vitunguu upande wa pili, nami nikaitambua sauti kabla ya kuuona uso. Niliinama nyuma ya rundo la viatu. Mwenye viatu akaniuliza kama nimeangusha kitu, nikamwambia naangalia soli. Haikusaidia. Jeska alilizunguka rundo, akasimama mbele yangu na kikapu chake mkononi, akanikagua kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe si ndiye yule kijana wa nywele?" Nikakubali. Akaniambia kwamba Shosho Truphosa, mama mkwe wake, alifariki. "Si kwa mambo yale," akaongeza haraka. "Ni uzee tu." Nikampa pole. Kisha akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba miaka hiyo yote: "Zile nywele mlizipeleka wapi?" Nikamwambia zilichomwa. "Nani aliona zikichomwa?" Nikasema ni mimi. Akatikisa kichwa polepole, na si kwa kukubali. Halafu akataka kujua anti yangu anaishi wapi siku hizi, na mimi ninayejua hata rangi ya geti lake nikasema sijui.

Nilirudi bila viatu, nikaanza kuandika haya. Naandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la nane, na sentensi moja yaweza kunichukua muda wa kunywa kikombe kizima cha chai. Lakini kuna watu wanaokisimulia kisa hiki Kariobangi mpaka leo, na wengi wao hawakuwapo. Mimi nilikuwapo. Tena nilikuwapo kwa namna yangu, yaani kimya, karibu na mlango, nikisikiliza na kutoamini nusu ya ninayosikia. Mtu mwenye haya husikia mengi, kwa sababu watu husahau kwamba yupo. Na anayesikia mengi huanza kushuku. Simlaumu Jeska kwa hilo.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiishi na Anti Nanjala, dada ya baba yangu, katika nyumba ya vyumba viwili kwenye ghorofa ya tatu. Sababu ya mimi kuishi kwake na si kwa baba haina maana hapa. Mchana nilifanya kazi katika karakana ya kuyeyusha alumini, tukitengeneza sufuria, na jioni nilirudi nikiwa na masizi hadi ndani ya masikio. Anti alikuwa na saluni chini ya jengo hilohilo, chumba chenye viti vitatu na kioo kirefu chenye ufa, na alikuwa amesuka vichwa vya mtaa ule kwa karibu miaka ishirini. Alikuwa na kanuni moja ambayo wateja wake wote waliijua. Nywele zilizotoka kwenye kichwa cha mtu, ziwe za kuchana au za kukata, hazikufagiliwa mwenyewe akiwa bado yumo ndani. Anti aliziokota zote, akazifunga kwenye kipande cha gazeti, akamkabidhi mwenyewe mkononi kama anavyomkabidhi mtu mtoto. Wengine walizichoma, wengine walizitumbukiza chooni. Hilo halikumhusu. Watu wengi wa kwetu magharibi wana hofu kuhusu nywele za mtu kuangukia mikono asiyoijua, akarogwa kwazo, na nadhani ni vile vipande vya gazeti vilivyowafanya wanawake wapite saluni tatu nzuri zaidi kuja kwake.

Basi jioni moja ya Januari, tukila ugali na omena iliyokaangwa kwa nyanya, akasema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Wekesa, nimeuza viti vya saluni."

"Vyote?"

"Vyote. Na draya. Jumatatu naanza kusomea unesi."

Nikauliza, "Unesi gani?"

"Wa watu. Kwani kuna wa ng'ombe?"

"Lakini Anti, una miaka arubaini na mitatu."

"Ndiyo. Na nikikaa hapa nikila omena na wewe, mwakani nitafika arubaini na minne vilevile." Akaongeza ugali. Nilipomuuliza sababu, alisema miguu yake imechoka kusimama. Hapo ndipo niliposhuku kwa mara ya kwanza, kwa maana hata mimi ambaye sikuwa nimelazwa hospitali nilijua kwamba manesi husimama kutwa. Mtu hauzi saluni iliyojaa wateja ili aende kusimama mahali pengine. Alikuwa na cheti chake cha kidato cha nne, alikitunza kwenye bahasha ya kaki ndani ya Biblia, na sikuwa nimewahi kumwona akikitoa. Sasa alikuwa amekitoa, na hakuwa ameniambia.

Jibu nililipata juu ya paa, mahali tulipoanika nguo. Niliketi nyuma ya shuka iliyolowa nikisugua masizi kwenye suruali yangu, na Mama Brayo, jirani wa mlango wa kuelekeana na wetu, akapanda na mwenzake wakiwa na beseni. Walikuwa wakimzungumzia Anti. "Huyo ako na mpango," akasema Mama Brayo. "Mtu haanzi unesi na umri huo ati kwa sababu anapenda wagonjwa. Hiyo ni majuu. Wanasoma hapa, kisha huyoo, wanaenda kuosha wazungu wazee."

"Na huyo kijana wa kaka yake?"

"Nani, yule bubu? Atabaki na mwenye ploti na kodi yake."

Wakacheka, si kwa ubaya sana. Nilikaa pale mpaka shuka ikakauka. Kutoka siku hiyo nilimtazama Anti kwa macho mengine, na kila nilichokiona kilikubaliana na Mama Brayo. Alirudi kutoka soko la Gikomba na koti zito la sufi, lenye vifungo vikubwa, ambalo hata Julai ya Nairobi haina kazi nalo. Nilipouliza, akasema wodini kuna baridi. Asubuhi akiwa bafuni nilimsikia akijizoeza Kiingereza kwa sauti ya juu, akimuuliza Bwana Smith alilalaje na kama maumivu yamepungua. Mimi nimeishi Kariobangi tangu utotoni na sijawahi kukutana na Smith hata mmoja. Na akawa mpole kwangu kuliko zamani. Aliniwekea kipande kikubwa cha nyama. Aliniuliza kuhusu kazi. Wema wenyewe ulinitia hofu, maana nilidhani ndivyo mtu anavyofanya anapojiandaa kukuacha.

Isitoshe nilikuwa mgonjwa wake wa mazoezi. Chakula cha jioni kikiisha aliniamuru nilale kwenye kochi, akanishika kifundo cha mkono, akakodolea macho saa ya ukutani. "Nyamaza, nahesabu." "Sijasema kitu." "Moyo wako unasema." Siku nyingine alitandika kitanda nikiwa juu yake, kama wanavyotandikiwa wasioweza kuamka, akinisukuma ukutani kisha akinivuta huku akikunja pembe za shuka kwa ukali. "Geuka, mgonjwa." "Mimi si mgonjwa, Anti." "Mgonjwa mbishi huyu. Andikeni kwenye faili: mbishi." Nilicheka, siwezi kukataa. Lakini niliwahi kufumbua macho nikamkuta amesimama mlangoni akinitazama kifua kinavyopanda na kushuka, naye hakujua nimeamka, na nilikaa wiki nzima nikiamini nina ugonjwa ambao hataki kuniambia. Baadaye niligundua walikuwa wamefundishwa kuhesabu pumzi za mtu bila yeye kujua, kwa sababu ukimwambia hubadilisha anavyopumua. Hata maelezo hayo hayakunituliza. Nilijifunza kwamba katika kazi hiyo mpya kuna mambo mtu hufunzwa kuyafanya bila wewe kujua.

Katikati ya mwaka walipelekwa hospitali kwa mafunzo ya wodini. Sitaitaja hospitali hiyo. Anti alirudi jioni amevaa sare yake nyeupe yenye mistari ya buluu mabegani, akavua viatu mlangoni, akala akiwa amesimama kwa sababu, alisema, akiketi hatainuka. Alizungumza sana juu ya mgonjwa mmoja, Shosho Truphosa, aliyelala kitanda cha dirishani. Alikuwa mwanamke wa kwetu, mzee sana, amevunjika nyonga, mwenye maneno machache na macho makali. Alikuwa hakubali kulishwa na mwanafunzi yeyote isipokuwa Anti. "Na hana watu?" nikauliza. "Anao. Mke wa mwanawe, Jeska, huja kila siku na uji kwenye chupa ya chai. Hakosi." Alilisema hilo taratibu, akitazama dirishani, na mimi niliyezoea kusikiliza sauti kuliko maneno niliona kwamba hakulisema kama mtu anayesifu. Nikataka kuuliza. Sikuuliza.

Siku chache baadaye alirudi, akaweka mkoba mezani, akaingia jikoni. Mimi niliufungua. Nilikuwa natafuta pasipoti, au picha za pasipoti, au chochote cha kunionyesha siku ambayo angeondoka. Nikapata furushi dogo la gazeti lililofungwa kwa uzi mweusi. Nikafungua upande mmoja. Zilikuwa nywele za mtu, nyeupe kama majivu, nyingine bado zimesukwa matuta. Niliziweka chini upesi kana kwamba zimeniunguza. Nilipogeuka, Anti alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Funga."

"Ni za nani?"

"Za mgonjwa wangu wa dirishani. Amelala chali muda mrefu mpaka amepata kidonda kisogoni, na daktari ameagiza anyolewe. Nilipomaliza alikuwa amelala. Nitampa akiamka kesho." Akalichukua furushi, akalifunga upya kwa uzi uleule. "Unajua mimi siachi nywele za mtu sakafuni."

Hilo nililijua. Lakini nililiamini nusu tu, kwa sababu hakuniuliza mkono wangu ulikuwa ukifanya nini ndani ya mkoba wake. Mtu asiye na la kuficha angeuliza.

Kesho yake, kama Anti alivyonisimulia baadaye, mambo yaliharibika kabla hata Anti hajafika wodini. Jeska alikuwa amekuja na uji wa asubuhi, akamkuta mama mkwe amenyolewa kipara, akataka nywele. Mfagiaji akasema hajaziona. Mwanafunzi mmoja akasema aliona Nanjala akizitia mkobani. Ingekuwa familia ya mahali pengine, labda wangeshangaa kidogo na kuendelea. Lakini Jeska ni wa kwetu, na wa kwetu huelewana upesi sana katika jambo kama hilo. Alipiga kelele mpaka wodi ya pili. "Mwanafunzi mwenye mvi anataka nywele za mama yetu za nini? Niambieni! Za nini?" Sista aliyesimamia wanafunzi alikuwa msichana mdogo kwa Anti kwa miaka mingi, kutoka upande mwingine wa nchi, na mwanzoni hakuelewa kelele zote ni za nini. "Si ni nywele tu?" alisema. "Mbona tunabishana juu ya taka?" Maneno hayo yakamwasha Jeska zaidi. Anti alipoingia akakiri kwamba furushi liko nyumbani, kwamba ni mazoea ya saluni, kwamba alikosea. Sista akamwagiza alilete ampe Jeska, yaishe. Na hapo Anti, ambaye angeweza kukubali na kuendelea na kazi yake, akasema, "Nitampa mwenyewe. Simpi mtu mwingine."

Waliyasema hayo mbele ya watu, na mbele ya watu kukataa huko kulionekana vibaya. Sista akamvua beji ya wodi. Akamwambia arudi Ijumaa na mzazi au mlezi, kama kanuni ya chuo inavyosema kwa mwanafunzi mwenye kesi, na akifika bila furushi asihangaike kuvaa sare tena.

Habari zilimtangulia nyumbani. Sijui zilipitia wapi, lakini jioni ile Mama Brayo alipokutana na Anti kwenye ngazi alijibana ukutani ampishe, na mkono wake ukapanda wenyewe kwenye kitambaa cha kichwa. Kesho yake niliwasikia mferejini. "Miaka yote hiyo ameshika vichwa vyetu," mmoja alisema. "Lakini alikuwa anaturudishia." "Alikuwa anarudisha zote? Wewe ulizihesabu?" Na nani huhesabu nywele? Nikaona jinsi kipande cha gazeti kilichowafanya wamwamini kilivyogeuka kuwa ushahidi dhidi yake. Na sitadanganya, nami nilijiuliza. Kwa nini asimpe tu Jeska? Kwa nini sharti amwone mwenyewe? Alikuwa amelipa karo kwa saluni yake nzima. Hakukuwa na viti vya kurudia. Mtu anayetaka sana kitu, iwe unesi au majuu, hakipotezi kwa furushi la nywele za mzee asiye ndugu yake, isipokuwa kuna jambo hasemi.

Alhamisi, tukila githeri, akaniambia, "Chuo kinataka mzazi au mlezi."

"Utampata wapi?"

"Nimempata. Ni wewe."

Nilidhani anatania. "Anti, mimi nina miaka kumi na tisa."

"Una shati jeupe. Mzazi wangu yuko kaburini, na mume sina. Utakuja ukae, basi. Kukaa kimya si kazi yako?"

Usiku ule nilipiga pasi shati kwa makaa. Nakumbuka vizuri nilichokuwa nikifikiri, maana sijawahi kufikiri jambo kwa uwazi vile. Nilifikiri kwamba nikifanya kama alivyosema, nikikaa kimya, huenda wakamfukuza. Na wakimfukuza, hakuna majuu. Angepanga viti viwili vya kuazima chini ya jengo letu, angeanza upya, na mimi ningebaki na kochi langu. Sikuamua lolote. Nilimaliza kola, nikaning'iniza shati mlangoni.

Tulikaa katika chumba cha chai cha wodi, chenye sinki, sufuria ndogo ya umeme na kalenda iliyochakaa. Sista alikaa mwisho wa meza. Jeska alikaa mbele yetu, chupa ya uji ikiwa miguuni pake. Anti aliweka furushi katikati ya meza, akaliwekea mkono juu. Sista akanitazama. "Huyu ni nani?"

"Mzazi wangu," akasema Anti bila kucheka. Sista akaandika. Sijui aliandika nini.

Walizungumza muda mrefu. Jeska alilia, na sikuona kilio cha uongo. Alisema yeye ndiye amekuja kila siku, mvua ikinyesha, mume wake akiwa kazini Mombasa, na leo anafanywa mgeni kwa mama yake mwenyewe. Sista alimwambia Anti kwa upole, "Mama, nisaidie nikusaidie. Mpe hiki kitu, niandike kwamba umerudisha, uende wodini." Anti akasema, "Nimekosa kuzitoa hospitalini, hilo nimekubali. Adhabu nitachukua. Lakini nitampa mwenye kichwa." Sista akapiga meza kwa kalamu. "Kwa nini?" Anti akanyamaza. Nimewahi kumwona Anti akikosa pesa na akikosa usingizi. Kukosa neno sikuwahi kumwona. Nikatazama mkono wake juu ya gazeti, nikaona hakukosa neno. Alikuwa amelifungia. Sista akafunga faili. Ili kutimiza desturi, akanigeukia, "Na wewe kama mzazi, una lolote kabla sijaandika?"

Masikio yangu yalikuwa ya moto. Nilitazama sinki. Nikasema, na sauti yangu haikusikika, ikabidi niseme tena: "Mbona hatujamuuliza mwenyewe?"

Wote wakanitazama. "Ni mgonjwa," akasema Jeska. "Msimsumbue mzee."

"Ako macho," nikasema. "Nilimwona tukiingia. Alikuwa anatutazama."

Ilikuwa kweli. Tulipopita wodini nilikuwa nimeona kichwa kidogo kilichonyolewa kimegeuzwa kutoka dirishani, na macho mawili yakitufuata mpaka mlangoni. Sista akainuka. Nadhani alichoka tu. Tukaenda wote, tukasimama kuzunguka kitanda kama watu waliokuja kuombea mgonjwa. Anti alitaka kusema kitu, Shosho Truphosa akamzuia kwa kidole.

"Shosho," akasema Sista, akiinama, "huyu mwanafunzi alichukua nywele zako bila ruhusa?"

"Nilimpa mimi." Sauti ilikuwa nyembamba lakini safi. "Nilimwambia azitoe humu ndani kabla ya saa ya wageni. Azifiche kwake mpaka nimwambie."

Jeska akashika chuma cha kitanda. "Mama! Ungezificha kwa mtu baki, na mimi niko?"

"Kwa sababu uko," akasema Shosho.

Mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika shuka mpaka usoni. Nilimtazama Jeska, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia, maana uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi mbele ya wageni na mkono wa nyumbani. Sikujua kama mzee yule alikuwa na sababu, na sijui mpaka leo. Huenda alikuwa nayo. Huenda alikuwa na maumivu na miaka mingi na chuki ya kawaida ya mama mkwe. Jeska aliinama, akaokota chupa ya uji, akaiweka juu ya kabati dogo la mgonjwa mahali alipokuwa akiiweka kila siku, akatoka. Shosho akamwambia Anti anipe furushi. "Huyu masizi yako kwenye kucha zake," akasema. "Anafanya kazi ya moto. Azichome, ziishe zote." Nilizichoma siku iliyofuata katika tanuru la alumini, nikiwa nimesimama pale mpaka mwisho, na hakuna aliyeona ila mimi, kama nilivyomwambia Jeska.

Sista alimrudishia Anti beji. Alimwonya kwamba nywele za wodini huenda kwenye pipa la taka za hospitali, wawe watu wa wapi wawe, na akamwongezea siku za zamu kama adhabu. Kisha akasema kitu kingine, nusu akijisemea, "Lakini ungeniambia tu." Anti akajibu, "Aliniomba nisimwambie mtu. Na wewe ni mtu." Sista akacheka ghafla, akajizuia.

Tulipotoka tuliingia kibandani karibu na geti, tukaagiza chapati na maharagwe. Nilikuwa nimekasirika na sikujua namna ya kukasirika mbele yake. Nikasema, "Uliniambia alikuwa amelala."

"Nilikuambia hivyo."

"Hakuwa amelala."

"Hapana." Akamega chapati. "Wangenifukuza, Wekesa. Nilijua. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitanunua viti wapi."

"Na bado ungenyamaza?"

"Ningefanyaje? Yule mzee atarudi kuishi nyumba moja na yule mwanamke. Mimi narudi kwangu." Alipanguza vidole. "Sikutaka ayaseme yale. Wewe ndiye umemfanya ayaseme."

Hakusema kwamba nimekosea, wala hakunishukuru. Mimi nilikuwa nikifikiri jambo jingine. Nilikuwa nimemwona akishikilia siri mpaka ukingoni, siri ya mtu aliyemfahamu kwa majuma machache, na uso wake haukubadilika. Basi siri yake mwenyewe angeishikilia vipi? Mtu wa namna hiyo angeweza kula nami chapati leo na kupanda ndege kesho. Nilikuwa nimesema sentensi nyingi siku hiyo kuliko mwezi mzima, nikaona heri niongeze moja.

"Anti, utaenda majuu?"

Alitafuna kwa muda. Hakushangaa. "Nikikuambia siendi, utaniamini?"

Nilifikiri. "Hapana."

"Na nikikuambia naenda?"

"Hapo nitaamini."

"Basi naenda," akasema. "Si leo. Kula, maharagwe yanapoa."

Nilikula. Na jambo la ajabu ni kwamba usiku ule nililala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Nimejaribu kujieleza kwa nini, na nimeshindwa. Labda mtu anayeshuku hupumzika pale tu anapoambiwa baya lenyewe. Sijui kama alisema ukweli au alichagua jibu ambalo mimi ningeweza kulibeba, kama wanavyofunzwa. Alimaliza masomo, nami nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Akapata kazi katika zahanati moja Njiru, akapanga nyumba huko. Wenzake watatu wameshaondoka, na mmoja humpigia simu kutoka mahali penye theluji. Yeye hajaenda.

Jumapili iliyopita nilimtembelea. Sikumwambia kuhusu Jeska. Tulikula samaki, na nilipomuuliza tena swali lile la kibandani, akacheka mpaka akakohoa, akaniambia niache upuuzi nimletee chumvi. Chumvi iko jikoni. Nilipitia chumbani kwake kwanza, nikatazama juu ya kabati. Hakukuwa na sanduku la safari. Nikapiga magoti, nikaangalia pia chini ya kitanda.